Je, Kuna Kabila Lenye Damu ya Kisukari?

SWALI: Mimi ni mkazi wa Simanjiro, katika jamii ya wafugaji. Nimesikia redioni kwamba wako wenyeji wa asili huko Marekani ambao nusu ya watu wazima wao wanaugua kisukari, na kwamba ni jambo la damu yao. Kwetu nako wagonjwa wameanza kuonekana, na hospitali iko mbali. Kama ugonjwa umo kwenye damu, kuna faida gani kuhangaika na vyakula na vipimo?

JIBU: Takwimu uliyoisikia ina ukweli. Kasoro iko kwenye hitimisho. Wanaosemwa ni Wapima wa Arizona, ambao wenyewe hujiita Akimel O'odham na wanaishi kando ya Mto Gila. Mwaka 1963 watafiti wa serikali ya Marekani waliwaendea kuchunguza ugonjwa wa baridi yabisi, wakakuta kisukari kimezagaa kupita kiasi. Uchunguzi mrefu uliofuata, ulioanza 1965, ulionyesha kwamba takribani nusu ya Wapima wenye miaka 35 na zaidi walikuwa na kisukari cha aina ya pili. Mwaka mmoja kabla ya ugeni huo, mtaalamu wa jeni James Neel alikuwa ametoa nadharia kwamba watu ambao mababu zao walipitia njaa za mara kwa mara hurithi miili inayojua kuweka akiba, na chakula kinapokuwa tele akiba hiyo hugeuka maradhi. Nadharia ilionekana kuwaenea Wapima barabara, ikasambaa, na bila shaka ndiyo iliyokufikia.

Lakini hebu tutazame miaka. Elliott Joslin, bingwa wa kisukari wa Boston, alichunguza Arizona katika miaka ya 1930, na mwaka 1940 akaandika kwamba ugonjwa huu kwa wenyeji wa asili wa huko haukuwa tofauti sana na ulivyokuwa kwa Wamarekani wengine. Mtu anaweza kupinga kwamba vipimo vya enzi ile viliwakosa wagonjwa wengi, na ana haki. Hata hivyo, kutoka hali hiyo hadi nusu ya wenye miaka 35 na zaidi ni pengo ambalo vipimo hafifu peke yavyo haviwezi kulijaza, na damu ya watu haibadiliki ndani ya kizazi kimoja. Kilichobadilika kinajulikana. Wapima walikuwa wakulima wa umwagiliaji kwa karne nyingi, wakila mahindi, maboga na maharage yanayostahimili ukame. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 walowezi waliyachepusha maji ya Gila huko juu ya mto. Mashamba yakakauka na njaa ikaingia. Chakula kikawa cha mgao wa serikali: unga mweupe, mafuta ya nguruwe, sukari. Pamoja na maji ilipotea kazi ya shamba iliyokuwa ikiushughulisha mwili kutwa. Sheria ya kuwarudishia sehemu ya maji yao ilipitishwa mwaka 2004, zaidi ya karne moja baadaye.

Ushahidi unaonishawishi zaidi uko ng'ambo ya mpaka, Maycoba, katika milima ya jimbo la Sonora nchini Meksiko. Huko wanaishi Wapima wengine, ndugu wa damu wa wale wa Arizona, waliobaki wakilima kwa mikono na kula mavuno yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kisukari kwa asilimia 6.9 ya Wapima wa Maycoba, ilhali kwa wale wa Arizona kilikuwa asilimia 38. Majirani wa Maycoba wasio Wapima walikuwa na asilimia 2.6, kwa hiyo sisemi damu haina lake. Ina lake, ila ni dogo likilinganishwa na lile linaloletwa na chakula na kazi.

Najua pingamizi lenye nguvu zaidi: Greenland. Mwaka 2014 watafiti waligundua kwamba baadhi ya Wainuiti, wenyeji wa asili wa huko, hubeba badiliko la jeni iitwayo TBC1D4, na anayelirithi kutoka kwa baba na mama wote wawili hatari yake ya kisukari huongezeka karibu mara kumi. Je, hapo hoja ya damu hairudi? Inarudi, lakini haiji na maana unayoiogopa. Badiliko hilo huzuia misuli kuvuta sukari kutoka kwenye damu baada ya mlo. Watu walioishi kwa samaki na nyama ya sili, wakila wanga kidogo sana, hawakuwa na sukari nyingi ya kuwashinda. Mikate na vinywaji vitamu vilipofika ndipo udhaifu ulipojitokeza. Tena ugunduzi huo umeongeza umuhimu wa vipimo, haukuupunguza. Mtu mwenye jeni hiyo anaweza kupimwa asubuhi kabla ya kula akaonekana mzima, kumbe ni mgonjwa, mpaka anywe maji ya glukosi na kupimwa tena baada ya saa mbili.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, la faida ya kuhangaika. Mwaka 1997 Bunge la Marekani lilianzisha mfuko maalumu wa kisukari kwa wenyeji wa asili, na fedha zake zikawa zinakwenda kwenye kliniki za jamii zenyewe, nyingi zikiwa mbali na miji. Kati ya 1996 na 2013 idadi ya wanaofikia kushindwa kwa figo kutokana na kisukari, kwa uwiano wa watu wao, ilishuka kwa asilimia 54. Nakuomba uitafakari namba hiyo, maana ni jamii zile zile na damu ile ile. Hapakuwa na dawa ya ajabu. Kliniki ziliweka orodha ya kila mgonjwa na kumfuatilia, zikapima mkojo kuona kama figo zimeanza kuvujisha protini, zikadhibiti shinikizo la damu, na zikawapa watu mapema dawa za shinikizo zinazolinda figo. Watumiaji wa dawa hizo walipanda kutoka asilimia 42 hadi 74 ndani ya miaka mitano. Wahudumu walitoka katika jamii hizo hizo, wakienda majumbani na kuzungumza lugha ya nyumbani.

Utaniambia Marekani ni tajiri na Simanjiro siyo. Ni kweli, na sitaki kulipuuza hilo. Lakini angalia ni kipi cha gharama: huko kumhudumia mgonjwa mmoja aliyefikia kusafishwa damu kuligharimu karibu dola 82,000 kwa mwaka 2013. Metformini ya kushusha sukari, na enalapili na losatani za shinikizo, ni dawa za zamani, zina matoleo ya bei nafuu, na zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kijiti cha kupimia mkojo hakihitaji maabara. Jamii iliyo mbali na mashine za kusafisha damu ina sababu kubwa zaidi kuliko watu wa mjini ya kuwahi mapema.

Upande wa kinga matokeo ni ya wastani, na sitatia chumvi. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kupunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki hupunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58 kwa watu waliokaribia kuugua. Mafunzo ya njia hiyo yalipopelekwa katika programu 36 za wenyeji wa asili, waliomaliza masomo yote 16 waliugua kidogo kuliko walioacha njiani, ila walioacha walikuwa wengi. Kwenu ningeanza na chai. Anayekunywa vikombe vitano au sita kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, anapata sukari nyingi kuliko anavyodhani, na soda ya mnadani inaongeza. Maziwa yenu yasiyotiwa sukari hayana haja ya kuachwa.

Kwa walioanza kuugua, ombeni katika mkutano wa kijiji zahanati iwe na siku yake ya kisukari kila mwezi: sukari, shinikizo, mkojo, na miguu ikaguliwe huku viatu vimevuliwa. Wanaotumia insulini wasikate tamaa kwa kukosa jokofu. Watafiti waliochukua vipimo vya joto katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya, walionyesha mwaka 2021 kwamba insulini inayokaa katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 hubaki na nguvu yake kwa wiki nne. Mtungi wa udongo wenye unyevu, ukiwekwa kivulini, husaidia joto lisipite hapo. Akiba ya chupa zisizofunguliwa ibaki kwenye jokofu la kituo cha afya, na mgonjwa achukue ya wiki nne tu.