Chakula na Kazi ya Mtu

Mwili wa mtu wafanana na moto wa jikoni: ukikosa kuni, hufifia. Kuni zake ni chakula. Nguo hupimwa kwa mita, na unga kwa kilo. Nguvu iliyomo katika chakula hupimwa kwa kalori. Kalori moja ya chakula ni joto liwezalo kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa digrii moja.

Hata mtu alalaye hutumia nguvu, kwa maana moyo hupiga na mapafu huvuta pumzi. Kijana mwanamume mwenye uzito wa kilo 60, akilala mchana na usiku, hutumia kalori 1,600 hivi. Tukitaka kujua haja yake yote, tuzidishe hesabu hiyo kwa kadiri ya kazi yake: kwa 1½ ikiwa ni kazi ya kukaa, kwa 2 ikiwa ni kazi nzito.

Tuwafikiri vijana wawili wa Maganzo, karibu na mgodi wa almasi wa Mwadui, kila mmoja kilo 60. Wa kwanza ni karani:

1,600 × 1½ = 2,400.

Wa pili huchimba changarawe kwa sululu na kuichekecha:

1,600 × 2 = 3,200.

Tofauti ni kalori 800. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori 360 hivi. Basi mchimbaji ahitaji gramu 220 zaidi ya karani. Asipozipata, mwili wake utakula mafuta yake wenyewe, kisha nyama yake. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba hukimaliza.

Je, mama aliyelima, akateka maji, akatwanga? Naye ni mtu wa kazi nzito. Na mvulana wa miaka 12, ajapokuwa mdogo, huhitaji zaidi ya kalori 2,000, kwani anakua. Basi chakula kisigawanywe kwa cheo wala kwa ukubwa wa mtu, bali kwa haja yake.

Walakini ugali peke yake hautoshi. Dengu, choroko, dagaa na maziwa hujenga mwili; mboga na matunda huulinda na maradhi.

Maswali

1. Kwa nini mtu alalaye huhitaji chakula?
2. Mchimbaji yule amekula gramu 600 za unga tu. Amepungukiwa kalori ngapi?
3. Nyumbani kwenu, nani afanya kazi nzito kuliko wote? Je, sehemu yake yamtosha?