Tapeti Zikigonga, Usikimbilie Kununua Injini

Mlio wa ta-ta-ta juu ya injini ya zamani umewafanya watu wengi wauze gari kwa bei ya chuma chakavu. Wakati mwingine tatizo ni oili tu. Sisi wa uhandisi mitambo tunaisoma mada hii kwa michoro. Naiandika hapa kwa ajili ya yeyote ambaye gari la kwao ndilo linalolipa ada.

Injini nyingi za miaka ya 1980 na 1990, kama 4G63 ya Mitsubishi, zina tapeti za haidroliki. Ndani yake kuna pistoni ndogo, springi, na kigololi kinachoruhusu oili kupita upande mmoja tu. Valvu ya injini ikiwa imefungwa, oili inajaza chumba cha chini ya pistoni na nafasi yote kati ya kemshafti na valvu inaisha. Kemshafti inaposukuma, kigololi kinaziba njia. Oili haishindiliki, basi tapeti inakuwa ngumu kama kipande kimoja cha chuma. Lakini hewa ikiingia, au uchafu ukizuia kigololi kukaa, nafasi inabaki na chuma kinagonga chuma.

Hakikisha kwanza gari lako linazo. 5A-FE ya Toyota, kwa mfano, haina. Nafasi yake hurekebishwa kwa visahani vya unene tofauti.

Halafu sikiliza. Kemshafti huzunguka mara moja kila kreki inapozunguka mara mbili, kwa hiyo injini ikiwa kwenye mizunguko 800 kwa dakika, tapeti moja inagonga mara 400. Beringi ya koni-rodi iliyolika inafuata kreki yenyewe, mlio wake ni mzito, unatoka chini, na unazidi gari likivuta mzigo. Huo ndio wa kuogopa: zima injini.

Mlio wa sekunde chache asubuhi mara nyingi ni oili iliyoshuka usiku, si ugonjwa. Ukija injini ikiwa ya moto na hujakanyaga mafuta, shuku presha: oili nyepesi mno, pampu, au beringi. Pima kwa geji kabla ya kununua tapeti hata moja.

Gari la baba mdogo, linalobeba matenga ya nyanya, liliambiwa linahitaji injini nyingine. Tukachomoa dipstiki: oili iko chini ya alama, nyeusi kama lami. Oili ikipungua hivyo, pampu inavuta hewa. (Ikizidi nayo ni balaa, kreki inaipiga mpaka inatoa povu.) Tukaimwaga, tukaweka filta mpya na oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kisha tukapandisha mizunguko taratibu mpaka 3000, tukaiacha ishuke, tukarudia mara nyingi ili hewa itoke.

Fundi alitaka tumimine mafuta ya taa "kuosha", halafu oili nzito. Nilimwambia, "Hapana fundi, tusubiri." Mafuta ya taa yanaipunguza oili nguvu huku beringi zikiitegemea, na tope likibanduka kwa mkupuo laweza kuziba chujio la pampu. Oili nzito inafunika mlio, lakini asubuhi ya baridi inachelewa kupita kwenye vitundu vya tapeti. Alinuna, ila alisubiri.

Baada ya wiki moja ya safari za sokoni, mlio ulibaki silinda ya tatu tu. Hapo ndipo tulipofungua kifuniko cha juu. Tapeti nzima iliyojaa oili haibonyei kwa kidole. Ile moja ilizama kama sponji, tukaibadilisha.

Ukifikia hatua hiyo, panga tapeti ulizotoa kwa mstari na uziwekee namba, maana kila moja imeshazoea mahali pake na lazima irudi palepale. Mpya ijazwe oili na kutolewa hewa kabla ya kufungwa.