Somo la Nne: Kuzikinga Risasi za Shotigani dhidi ya Unyevu

Somo hili linawahusu wamiliki wa shotigani wenye leseni katika wilaya za Karagwe na Kyerwa. Baada ya kulisoma, mmiliki ataweza kueleza jinsi unyevu unavyoiharibu risasi, kuchagua mahali pafaapo pa kuhifadhia, na kutambua risasi ambayo haipasi kutumika tena.

Mkulima wa kahawa wa Kayanga au Rubwera hahitaji kufundishwa hasara ya unyevu. Kahawa iliyofungwa kabla ya kukauka huvunda, na harufu yake humwonya mwenye mali mapema. Risasi haina harufu ya kuonya. Inaweza kuharibika ndani huku sura yake ikibaki vilevile, na mmiliki akaligundua jambo hilo wakati bunduki imo mkononi.

Sehemu za risasi

Risasi ya shotigani ina ganda la plastiki au la karatasi ngumu, na kitako cha madini. Katikati ya kitako imo fataki, ambayo hugongwa na pini ya bunduki ikatoa cheche. Cheche huwasha baruti. Gesi ya baruti hukisukuma kizibo, na kizibo huyasukuma marisau kupitia mtutu. Mdomo wa ganda hukunjwa kuyazuia marisau yasimwagike, lakini mkunjo huo hauzibi kabisa. Unyevu huweza kupita hapo, na pia pembeni mwa fataki.

Unyevu huleta madhara ya namna tatu. Ganda la karatasi huvimba na kukataa kuingia katika chemba. Kitako huota kutu, hasa kile cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Mmiliki akitaka kujua kitako chake ni cha aina gani, na akigusishe na sumaku. La tatu ndilo la hatari zaidi: fataki na baruti hupoteza nguvu.

Kwa nini risasi dhaifu ni hatari

Wengi hudhani kwamba risasi iliyolowa haitalipuka, na kwamba hasara yake ni bei yake tu. Dhana hiyo ni kosa. Risasi inaweza kuchelewa kulipuka, au kulipuka kwa nguvu ndogo kiasi kwamba kizibo hukwama ndani ya mtutu. Mtumiaji akipiga risasi ya pili nyuma ya kizibo hicho, gesi hukosa njia na mtutu unaweza kupasuka karibu na mkono na uso wake. Kwa sababu hiyo, risasi inayotiliwa shaka haijaribiwi.

Iwapo bunduki imegongwa na risasi haikulia, ielekeze upande usio na mtu na usiifungue kwa angalau sekunde 30; kuhesabu polepole hadi 60 ni salama zaidi. Iwapo mlio ulikuwa hafifu au bunduki haikusukuma bega kama kawaida, acha kupiga. Toa risasi zote, kisha ukague mtutu kwa mwanga ukitokea upande wa chemba, kamwe si upande wa mdomo.

Mazingira yetu

Mvua za vuli huanza Septemba hadi Desemba, na za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Kwa hiyo miezi mingi ya mwaka hewa huwa na unyevu, hasa katika mabonde yaliyo karibu na Mto Kagera. Tena, nyanda za juu hupoa sana usiku. Madini yaliyopoa yakikutana na hewa yenye joto na unyevu hutoka jasho, kama bati linavyotona alfajiri. Risasi inaweza kulowa bila kunyeshewa hata tone moja.

Yupo adui mwingine ambaye wafugaji wanapaswa kumfahamu, naye ni amonia itokayo katika mkojo na samadi. Jeshi la Uingereza nchini India lilipohifadhi risasi katika mazizi ya farasi wakati wa mvua za msimu, maganda ya shaba yalionekana yamepasuka. Sababu ilielezwa mwaka 1921: amonia, ikisaidiwa na unyevu, huipasua shaba ambayo tayari imebanwa ilipokuwa ikitengenezwa. Basi, risasi zisiwekwe katika chumba kilichoungana na zizi wala pamoja na magunia ya mbolea.

Namna ya kuhifadhi

1. Ziache risasi katika pakiti yake ya asili, na uandike juu yake mwezi na mwaka wa kununua. Tumia kwanza za zamani.

2. Weka pakiti ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu kama vile vinavyokuja katika maboksi ya viatu vipya. Usizifungie ndani ya kasha zito la chuma lisilopitisha hewa kabisa. Nyumba ikishika moto, kasha hilo huweza kulipuka.

3. Kifungie chombo hicho kabatini, kikiwa kimeinuliwa kutoka sakafuni na kimeachana na ukuta, mbali na jiko, na mahali ambapo watoto hawafiki. Bunduki ihifadhiwe bila risasi ndani yake.

4. Usiziache risasi katika mkanda wa ngozi. Dawa za kulainishia ngozi hula shaba.

5. Usizipake mafuta. Mafuta ya kusafishia bunduki hupenya hadi kwenye fataki na kuiua.

6. Kagua risasi zote mwanzoni na mwishoni mwa kila msimu wa mvua. Tenga yenye kutu, ukungu wa kijani, ufa, ganda lililovimba au mkunjo uliolegea.

Risasi ikishalowa

Usiianike juani, usiiweke karibu na moto, wala usiifungue kutoa baruti. Usiitupe chooni, usiizike, usiichome. Itenge, kisha utoe taarifa katika kituo cha polisi kinachohusika na leseni yako na ufuate maelekezo. Umiliki wa silaha na risasi unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na risasi iliyoharibika bado ni risasi mbele ya sheria hiyo.

Wakati wa kununua, nunua kwa muuzaji mwenye leseni, fungua pakiti mbele yake, kague vitako vyote na udai risiti. Pakiti yenye alama ya maji ikatae, hata kama bei imepunguzwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini risasi iliyolia kwa mlio hafifu ni hatari kuliko ile isiyolia kabisa?

2. Taja sababu mbili za kutohifadhi risasi karibu na zizi la ng'ombe.

3. Jirani yako ameanika risasi juani baada ya paa kuvuja. Utamshauri afanye nini?