JINA JUU YA BARUA YA KAZI

Wengi wetu katika kidato cha nne twatamani kwenda kusoma ng'ambo. Twaamini kwamba aliyepata shahada huko hakosi kazi huko huko. Nami niliamini hivyo, mpaka niliposoma habari za jaribio moja la Kanada.

Mwanauchumi Philip Oreopoulos wa Chuo Kikuu cha Toronto alitunga maelfu ya barua za kuomba kazi za watu wasiokuwapo, akazipeleka kwa waajiri wa mji ule na kando yake. Waombaji walilinganishwa kwa elimu na ujuzi, ila majina yalitofautiana. Katika taarifa yake ya mwaka 2009, wenye majina ya Kiingereza waliitwa 16 katika kila 100. Wenye majina ya Kichina, Kihindi na Kipakistani waliitwa 11 tu, ingawa barua zao zilionyesha kuwa wamesoma na kufanya kazi Kanada.

Kwa nini? Waajiri walioulizwa baadaye walisema wanahofia lugha. Lakini barua zenyewe ziliandikwa kwa Kiingereza safi! Tena mwanafunzi mgeni hupewa kibali cha kufanya kazi baada ya masomo kisichozidi miaka 3, na mwajiri huogopa kumfundisha mtu atakayeondoka.

Wengine hudai kwanza mtu awe amekwisha kufanya kazi Kanada. Hii ni sawa na kumkataza mtoto asiingie majini mpaka ajue kuogelea. Mwaka 2013 Tume ya Haki za Binadamu ya jimbo la Ontario ilisema kuwa sharti hilo ni ubaguzi, na mwaka 2024 jimbo likapitisha sheria ya kulikataza katika matangazo ya kazi.

Mwajiri ana haki ya kumtaka mtu aijuaye kazi. Hana haki ya kukisia ujuzi kwa jina. Basi atakayekwenda ng'ambo asitegemee shahada peke yake, bali atafute kazi za mafunzo angali anasoma.

Wala tusiwacheke Wakanada. Muhula huu tulipochagua kiongozi wa bweni letu, swali la kwanza lililoulizwa juu ya mgeni mmoja lilikuwa, "Jina hili la watu wa wapi?" Hakuna aliyeuliza kama ni mwaminifu. Mimi nilikuwapo, nikanyamaza, na kura yangu nikampa mwingine.