Dondoo muhimu: Kukodi duka kando ya supamaketi

Unafungua duka katika jengo la maduka pembezoni mwa Nairobi? Soma mkataba kabla ya kupima rafu.

• Hesabu miaka. Sheria ya Kenya, Sura ya 301, humlinda mpangaji wa duka ambaye mkataba wake ni wa mdomo au hauzidi miaka 5: mwenye jengo akitaka kupandisha kodi au kumtoa, lazima atoe notisi ya miezi miwili, nayo inaweza kupingwa mbele ya baraza la upangaji. Ndiyo maana wenye majengo wengi hukuletea mkataba wa miaka 5 na miezi 3. Miezi hiyo mitatu si zawadi.

• Dai kipengele cha kupunguziwa kodi supamaketi ikihama. Kampuni ya supamaketi ya Nakumatt ilipoporomoka mwaka 2017 na 2018, majengo kadhaa yalibaki na ukumbi mtupu.

• Uliza ada ya usafi, ulinzi na jenereta. Huja juu ya kodi.

• Bei ya sukari iachie supamaketi. Wewe fupisha suruali papo hapo, agiza kitabu kimoja kwa mteja mmoja, kopesha kwa daftari (hili la mwisho kwa kiasi!).