Bumu halitoki kwa huruma: haki za mwombaji wa mkopo wa chuo

Dirisha la mikopo likifunguliwa, steshenari za Kirumba, Mwanza, hujaa vijana wenye bahasha mkononi. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) ihamishie maombi kwenye mfumo wa OLAMS, anayepima uhitaji hamwoni mwombaji. Anaona nyaraka.

Mkopo wenyewe haudaiwi mahakamani. Ibara ya 11 ya Katiba inatambua haki ya kila mtu kujielimisha, lakini ibara ya 7(2) inazuia mahakama kuyapa masharti hayo nguvu ya kisheria. Haki za mwombaji ziko kwenye njia anayopita: kupimwa kwa taarifa sahihi, kukata rufaa, na kujua deni lake.

Chukua mfano wa binti wa mchuuzi wa dagaa wa soko la Mwaloni. Baba amefariki, na mama hana hati ya mshahara: leo anauza magunia, kesho ziwa limechafuka, harudi na kitu. Kujaza kwamba baba hayupo hakutoshi. Cheti cha kifo, pamoja na cha kuzaliwa cha binti, lazima vihakikiwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na kazi hiyo ifanyike mapema kabla foleni haijawa ndefu. Kaya ikiwa kwenye mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), namba yake iingizwe. Ulemavu huthibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, yarekebishwe kisheria kabla ya kutuma.

Akaunti ya OLAMS ni mali ya mwombaji. Kijana wa steshenari anaweza kusaidia kujaza, lakini nywila na namba ya simu ziwe za binti mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zirekebishwe zikiwa na makosa.

Akikosa mkopo, au akipangiwa kiasi kidogo?

Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inalinda haki ya kusikilizwa na kukata rufaa. Dirisha la rufaa hufunguliwa baada ya Bodi kupanga mikopo, na rufaa hutumwa mtandaoni. Malalamiko matupu hayabadilishi hesabu; kinachobadilisha ni kielelezo ambacho hakikuwepo mwanzo, kama cheti kilichochelewa kuhakikiwa.

Aliyepata aangalie mchanganuo wake: ada, vitabu, mafunzo kwa vitendo, chakula na malazi. Fungu la chakula na malazi lilipandishwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku. Bumu, yaani fedha hizo za kujikimu, likichelewa, awe chuo cha SAUT au Bugando, aanzie dawati la mikopo la chuo chake.

Marejesho huanza miezi 24 baada ya kumaliza masomo. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo na adhabu ya asilimia 10 zilifutwa mwaka 2021. Mnufaika atunze hati zake za mshahara na kuomba taarifa ya deni mara kwa mara, ili makato ambayo mwajiri hakuyawasilisha yaonekane mapema. Akimaliza kulipa, aombe cheti cha kumaliza mkopo.