Ekari Mbili na Safari ya Mwezini

Shangazi,

Mimi ni mkulima wa mpunga, naishi Ifakara, shamba langu liko upande wa Mngeta. Nina watoto watatu. Wa kwanza ni binti, amemaliza kidato cha nne, kafaulu vizuri na kidato cha tano amepangiwa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia. Mimi na mama yake tulifurahi, maana hapa mjini hospitali ipo na chuo cha afya kipo, tukajua huyu hatakaa nyumbani bila kazi. Sasa anataka abadilishiwe aende PCM, yenye hesabu badala ya biolojia, akasomee vyombo vya anga, siku moja awe mwanaanga. Ananiambia Waganda wamesharusha setilaiti, sisi tunangoja nini.

Shangazi, nilikasirika. Mafuriko ya 2024 yaliniangusha, mpunga wote ulikwenda na maji na mpaka leo sijasimama. Nikamwambia mbele ya shemeji zangu waliokuja kutusalimia kwamba kwenda mwezini ni wazimu wa matajiri waliokosa pa kuweka hela, na mtoto wa mkulima anayeuwaza mwezi atakufa njaa huku anautazama. Watu wakacheka. Yeye akanawa mikono, akaondoka. Hii ni wiki ya tatu, ananiamkia asubuhi, basi. Mama yake naye kaninunia. Kuna ekari mbili nimeziweka kwa ajili ya masomo yake, zikiuzwa hazirudi. Je, nimekosea? Na hata tukimweka mtoto pembeni, huku kupeleka watu angani kuna maana gani kwa sasa, wakati mbu bado anatumalizia watoto? Nijibu ukweli.

Baba Binti, Ifakara

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na mahali pamoja tu nimepigia mstari: “mbele ya shemeji zangu”. Hapo tutarudi. Nianze na mwezi, maana umetaka ukweli, na kwa hilo sehemu kubwa niko upande wako.

Mtu ni mzigo mgumu kuusafirisha. Setilaiti haiombi maji, hailali, haiugui, na kazi yake ikiisha hakuna mama anayeingoja mlangoni. Mtu anataka hewa, chakula, choo, joto la kadiri, na zaidi ya yote anataka kurudi. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambako watu wamekaa kwa kupokezana tangu Novemba 2000, jasho na mkojo huchujwa vikawa maji ya kunywa, kwa sababu kila lita inayopandishwa kutoka huku chini ni fedha nyingi. Mifupa yao hulegea kwa asilimia moja hivi kila mwezi, wasipofanya mazoezi kama saa mbili kwa siku watarudi hawawezi kusimama. Hapo ni karibu. Mirihi ni miezi saba hivi ya kwenda tu, na njia ya mkato hufunguka mara moja katika miezi 26. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa NASA aliliambia Bunge la Marekani kwamba katika mradi wa Artemis, ule wa kurudisha watu mwezini, kila roketi ya mwanzo ingerushwa kwa dola bilioni 4.1. Roketi moja.

Na yale ya angani yanayotufaa huku bondeni hayakuhitaji abiria. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatazama mawingu kwa picha za setilaiti za Meteosat, hamna mtu ndani. Dereva wa fuso anayeifuata ramani ya simu kutoka Ifakara mpaka Mikumi anaongozwa na setilaiti za GPS, nazo hamna mtu. Ilikuwepo hata moja yenye jina letu, Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimikwa baharini karibu na Malindi, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndipo ikapewa jina hilo. Ilikwenda kutafuta nyota zinazotoa miale ya eksirei, na ni yenyewe iliyowasaidia wanasayansi kuanza kuamini kwamba mashimo meusi kweli yapo. Nayo ilikwenda peke yake.

Swali lako si geni. Mwaka huohuo wa 1970, mtawa mmoja aliyekuwa akihudumu Zambia, upande wa pili wa reli yenu ya TAZARA, Sista Mary Jucunda, alimwandikia mwanasayansi wa NASA aitwaye Ernst Stuhlinger. Alimuuliza inakuwaje mabilioni yatumike kuwaza Mirihi wakati watoto wanakufa njaa. Stuhlinger akamjibu mwezi Mei, kwa barua ndefu yenye adabu. Alimsimulia habari za tajiri mmoja wa Ujerumani ya zamani, mwenye huruma kwa maskini, ambaye pia alimlipa fundi aliyeshinda kutwa anasugua vioo vya kukuzia vitu vidogo. Watu wakanung'unika: sisi tauni inatuua, wewe unalipia michezo. Baadaye vioo vile vikazaa hadubini, na hadubini ikapigana na maradhi kuliko sadaka zote za yule tajiri.

Hadithi hiyo mtu wa Ifakara anaielewa upesi. Mwaka 1949 alifika hapo kwenu mtafiti wa Uswisi, Rudolf Geigy, akawa anawatafuta papasi kwenye nyumba za udongo. Sijui angekuwa baba yako angemwonaje mzungu mzima amechuchumaa sakafuni anachokonoa vumbi. Lakini maabara aliyoianzisha 1957 ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, na miaka ya 1990 ni kwenu, Kilombero na Ulanga, ambako vyandarua vyenye dawa viliuzwa mpaka vijijini na watafiti wakafuatilia. Kwa watoto wadogo waliolala ndani yake, uhai uliongezeka kwa asilimia 27. Kwa hiyo mbu wako ana watu wake, na hawakungoja mwezi wala mwezi haukuwangoja.

Ila nina kinyongo na hadithi ya Stuhlinger. Yule fundi wa vioo alikula ziada ya tajiri, hakumwambia auze shamba. Na katika yote ambayo Stuhlinger alimwahidi Sista, kilichomfikia mkulima ni setilaiti. Mirihi mpaka leo hajakanyaga mtu.

Kwa hiyo wenye ziada waendelee, siwazuii. Nakubali ziko kazi zinazotaka mikono: darubini ya Hubble ilipotoa picha zenye ukungu, ni watu waliopanda mwaka 1993 wakaitengeneza hukohuko juu. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2002 alitoa dola milioni 20 hivi, akaenda angani siku kumi, akarudi. Hela zake. Ila serikali yangu ikitaka kunikata kodi ili impandishe mtu mmoja akatupungie mkono, hapo mimi na uzee wangu nitaandamana.

Mwalimu Nyerere anatajwa kuwa alisema wenzetu wanajaribu kufika mwezini, sisi tunajaribu kufika vijijini. Wewe unajua kijiji kilikuwa wapi: ng'ambo ya mto Kilombero. Mwaka 1994 nilikuwa nampeleka mama yangu mdogo Mahenge, mgonjwa, na kuku wawili wa zawadi kapuni. Tulifika mtoni jioni, maji yamejaa, kivuko hakivuki mpaka kesho. Tukatandika mkeka nyuma ya lori la mpunga. Usiku kucha kiboko alikuwa anakoroma kwenye matete, mama mdogo ananiuliza kila baada ya muda kama kumekucha. Mwezi ulikuwa mpevu, mweupe kama sahani, na watu walikuwa wameshautembelea tangu 1969. Daraja letu la kuvuka Kilombero lilizinduliwa 2018.

Basi kwenye hoja ya mwezi umeshinda, mwanangu. Ndiyo maana inaniuma kwamba umeitumia hoja nzuri kumpigia mtoto.

Turudi kwa shemeji zako. Nadhani usingesema vile mngekuwa wawili tu shambani. Ulisema kwa sababu wageni walikuwa wanatazama ghala. Mwanamume ambaye mpunga wake umelala majini, amekaa na ndugu wa mke wake, binti anazungumza habari za roketi, anahisi ni yeye anayechekwa. Ukawahi kumfanya mtoto ndiye achekwe. Hasira hiyo naielewa kabisa, lakini binti yako haielewi. Anachojua ni kwamba alikuletea jambo analolipenda na wewe ukaligeuza kuwa kitoweo cha wageni.

Halafu alichokwambia ni kweli, na hukumsikiliza. Setilaiti ya Uganda inaitwa PearlAfricaSat-1. Unaijua ilikuwa kubwa kiasi gani? Kila upande sentimita 10. Chukua rula upime: ni ujazo wa lita moja kamili, kopo la mafuta ya kupikia. Waliishughulikia Waganda watatu waliokwenda kusoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Ilipandishwa Novemba 2022 na mwezi uliofuata ikaachiliwa iende zake. Kenya ilikuwa imetangulia mwaka uleule wa daraja lenu, Mei 2018, kwa kopo la lita moja kama hilo kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Na yote mawili yaliachiliwa kutoka kituo kilekile wanachokaa watu. Najua hapo umetabasamu. Ndiyo, hoja yangu ina tundu, na binti yako angelikuonyesha mapema kama ungemwachia amalize kula.

Anayetengeneza kopo kama hilo hapandi roketi. Anakaa mezani na koleo na waya, na kichwa kimejaa hesabu na fizikia, yaani PCM. Mtoto wa miaka 17 akisema “mwanaanga” anataja kazi moja ya anga aliyowahi kuisikia. Kijana wangu alikuwa anataka kuwa konda wa basi, kisa makonda hudandia mlangoni gari likiwa linakwenda. Leo ni mhasibu, na kwenye gari anakaa siti ya nyuma kabisa akiwa amefunga mkanda. Usibishane na jina la kazi. Muulize anapenda nini ndani yake. Kama ni mawingu na mvua, kuna Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa Kigoma. Kama ni ramani na picha za kutoka juu, Chuo Kikuu Ardhi wanafundisha jiomatikia, na mtu wa aina hiyo angeweza siku moja kukuonyesha kwenye karatasi maji ya mafuriko yalitambaa mpaka wapi mwaka 2024 na ekari zako zilikuwa upande gani wa mstari. Kama ni mitambo yenyewe, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji wanafundisha mafundi wa ndege.

Ajira siwezi kukuapia. Ila usiifanye PCB kuwa hirizi. Pita mtaani kwenu uwahesabu waliomaliza vyuo vya afya wanaouza vocha.

Sasa la kufanya. Usimwite sebuleni ukampa hotuba. Kile kituo cha angani huonekana kwa macho, hata Ifakara, jioni kiza kikianza kuingia au kabla ya alfajiri: nyota isiyometameta, inakata anga kwa dakika chache na kupotea. Kiko juu kilomita 400 hivi, umekwenda Dar es Salaam mara ngapi, ni mwendo huohuo ila umesimamishwa wima. Huizunguka dunia nzima kwa dakika 90 hivi. Mwombe akutafutie kwenye simu kitapita siku gani na saa ngapi. Nimesema mwombe, si umwagize. Mkiwa nje mnangoja, kama ni msimu wake, mwonyeshe Kilimia, zile nyota zilizosongamana kama vifaranga, umweleze kwamba wazee walikipa jina hilo kwa sababu ya kulima. Inawezekana hajui. Uwe na jambo moja la angani la kumfundisha na wewe.

Kicheko kile kilitokea mbele ya watu, kwa hiyo shemeji zako wakija tena, mwache aeleze yeye mwenyewe habari za lile kopo la lita moja, na wewe uwe wa kwanza kumuuliza swali la maana. Mama yake atakuletea chai, utaona.

Kuhusu tahasusi, nenda naye shuleni na matokeo yake, mkamwone mkuu wa shule kama nafasi ya PCM ipo. Usimtume peke yake.

Na zile ekari mbili usiziguse. Kidato cha tano na sita shule za serikali hazina ada siku hizi. Utanunua godoro na sare, utatoa nauli, na hivyo havihitaji shamba. Chuo ni miaka miwili mbele, na Bodi ya Mikopo ipo, ataomba. Wewe msimu huu zilime zote mbili, kisha mwezi Juni niandikie umetoa magunia mangapi.

Shangazi